Mifupa ya Mwanamke Baada ya Ukomo wa Hedhi: Homoni, Kalsiamu na Kinga Dhidi ya Kuvunjika

Mama wa miaka 63 anashuka ngazi za jengo la ghorofa huko Berea, Johannesburg. Lifti haifanyi kazi. Anakosa kidato kimoja, anajizuia kwa kiganja, na kifundo cha mkono kinavunjika. Hospitalini mkono unafungwa plasta, anapewa dawa za maumivu, na baada ya wiki 6 plasta inaondolewa. Nyumbani kila mmoja anamshukuru Mungu kwamba hayakuwa makubwa zaidi. Swali moja halikuulizwa: kwa nini mfupa ulivunjika kwa anguko dogo kama hilo?

Mfupa wenye afya haupaswi kuvunjika pale mtu anapoanguka kutoka kimo chake mwenyewe. Unapovunjika hivyo kwa mwanamke aliyepita umri wa miaka 50, mara nyingi ni onyo kwamba mifupa yake yote imepungua nguvu, si ule wa mkono peke yake. Mwanamke aliyekwisha kuvunjika mara moja yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuvunjika tena, na mara ya pili huweza kuwa nyonga au uti wa mgongo. Kipeperushi hiki kinaeleza sababu za hali hiyo, namna ya kuigundua mapema, na hatua zinazoweza kuchukuliwa.

MFUPA NI KIUNGO HAI

Watu wengi huudhania mfupa kuwa kitu kikavu kisichobadilika, mfano wa nguzo ya nyumba. Kwa hakika, mfupa ni kiungo hai chenye damu na chembe zake, nao hukarabatiwa maisha yote. Zipo chembe ambazo kazi yake ni kubomoa sehemu iliyochakaa, na zipo nyingine zinazojenga sehemu mpya mahali pale pale. Utotoni na ujanani wajenzi huwashinda wabomoaji, na mifupa huzidi kuwa minene na mizito. Kufikia umri wa miaka 30 hivi, akiba ya mifupa huwa imefikia kilele chake. Baada ya hapo kazi hizo mbili hulingana kwa muda, kisha ubomoaji huanza kuutangulia ujenzi polepole.

Ubomoaji unapoendelea kuushinda ujenzi kwa miaka mingi, mfupa hubaki na umbo lake la nje, lakini ndani huwa na matundu mengi na kuta nyembamba. Hali hiyo huitwa udhaifu wa mifupa. Madaktari huiita osteoporosisi. Haina maumivu wala uvimbe. Mara nyingi dalili ya kwanza ni mfupa kuvunjika.

Yafaa kuitofautisha hali hii na baridi yabisi. Maumivu ya magoti, vidole au mabega, hasa wakati wa asubuhi au majira ya kipupwe, hutoka kwenye viungo na si kwenye mfupa wenyewe. Mwanamke anaweza kuwa na magoti yanayouma huku mifupa yake ikiwa imara. Na mwingine asiyeumwa popote anaweza kuwa na mifupa dhaifu sana. Kwa hiyo kutokuwa na maumivu si ushahidi wa usalama.

KINACHOTOKEA HEDHI INAPOKOMA

Homoni ni ujumbe wa kikemikali unaotolewa na tezi na kusafirishwa na damu hadi kwenye viungo mbalimbali. Ovari za mwanamke hutoa homoni iitwayo estrojeni. Wengi huijua kwa kazi yake katika hedhi na uzazi, lakini inayo kazi nyingine kubwa: huzuia chembe zinazobomoa mfupa zisipite kiasi.

Hedhi hukoma, kwa wanawake wengi, karibu na umri wa miaka 50. Ovari huacha kutoa estrojeni kwa kiwango cha awali, na kizuizi kile huondoka. Wabomoaji hufanya kazi kwa kasi ambayo wajenzi hawawezi kuifikia. Miaka ya mwanzo baada ya ukomo wa hedhi ndiyo yenye upotevu wa kasi zaidi: baadhi ya wanawake hupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa yao katika miaka 5 hadi 7. Baadaye kasi hupungua, ingawa upotevu hauishi.

Uhusiano huu ulielezwa mwaka 1941 na Fuller Albright, daktari wa Boston nchini Marekani, aliyeona kwamba wengi wa wagonjwa wake waliovunjika pingili za mgongo walikuwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Kabla ya hapo kupinda mgongo kwa wazee kulihesabiwa kuwa sehemu ya uzee tu.

Jambo hili ni la msingi, kwa sababu linaeleza kwa nini kalsiamu peke yake haitoshi. Tatizo linalomkabili mwanamke aliyekoma hedhi si upungufu wa vifaa vya ujenzi tu. Ni kuondoka kwa msimamizi. Kalsiamu ni matofali. Matofali ni ya lazima, lakini hayamrudishi msimamizi kazini.

SAFARI YA KALSIAMU MWILINI

Takriban asilimia 99 ya kalsiamu yote ya mwili imo ndani ya mifupa na meno. Kiasi kidogo kinachobaki huzunguka katika damu, nacho ni cha lazima kwa mapigo ya moyo, misuli na mishipa ya fahamu. Kwa kuwa kazi hizo haziwezi kusimama hata kwa saa moja, mwili hulinda kiwango cha kalsiamu katika damu kwa gharama yoyote.

Nyuma ya tezi ya thiroidi, shingoni, kuna tezi nne ndogo ziitwazo parathiroidi. Kiwango cha kalsiamu katika damu kinaposhuka, tezi hizo hutoa homoni inayoziamuru figo zisipoteze kalsiamu katika mkojo, na inayoiamuru mifupa itoe sehemu ya akiba yake. Homoni hiyo pia huzifanya figo zikamilishe utengenezaji wa vitamini D, ambayo huuwezesha utumbo kunyonya kalsiamu kutoka kwenye chakula.

Kwa hiyo mwanamke asiyekula kalsiamu ya kutosha hataona dalili yoyote katika damu yake. Kipimo cha damu kitasema kalsiamu ni ya kawaida, kwa sababu mifupa imelipa deni. Mwaka hadi mwaka, akiba huchotwa.

JE, NI MARADHI YA WAZUNGU PEKE YAO?

Dhana hii ina historia yake hapa hapa Johannesburg. Mwaka 1968, daktari bingwa wa mifupa Louis Solomon alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kuvunjika kwa shingo ya paja kulikuwa nadra sana miongoni mwa Waafrika wa jiji hili kuliko miongoni mwa watu wa Ulaya. Utafiti huo ulinukuliwa sana, na kwa miaka mingi baadhi ya watu, hata ndani ya hospitali, waliamini kwamba mwanamke Mwafrika hana haja ya kuhofia mifupa yake.

Mambo hayakubaki vile. Utafiti mpana zaidi uliochapishwa mwaka 2020, uliochunguza majimbo matatu ya Afrika Kusini, Gauteng likiwemo, ulikuta kuvunjika kwa nyonga katika jamii zote za nchi. Viwango miongoni mwa Waafrika bado viko chini ya vile vya Wazungu, lakini vipo, na watu wanaishi miaka mingi zaidi kuliko zamani. Mwanamke aliyehamia mjini, anayefanya kazi ya kukaa, anayetembea kidogo na kula mkate na chai badala ya dagaa na mboga za majani, hana tena maisha aliyokuwa nayo bibi yake kijijini.

Ipo pia dhana kwamba kuzaa watoto wengi na kunyonyesha humaliza mifupa. Ni kweli kwamba mama anayenyonyesha hupoteza kiasi cha kalsiamu ya mifupa, lakini mwili huirudisha baada ya mtoto kuachishwa ziwa. Mama wa watoto saba hana sababu ya kuwalaumu watoto wake.

NANI YUMO KATIKA HATARI ZAIDI?

Kila mwanamke aliyekoma hedhi hupoteza mifupa, lakini si kwa kiwango kimoja. Hatari huongezeka kwa:

• mwanamke ambaye hedhi ilikoma kabla ya miaka 45, au aliyeondolewa ovari kwa upasuaji;
• aliyevunjika mfupa kwa anguko dogo baada ya miaka 50;
• ambaye mama yake au baba yake alivunjika nyonga;
• mwembamba sana, au aliyepungua uzito kwa maradhi au njaa ya muda mrefu;
• anayetumia prednisoni au steroidi nyingine kwa miezi 3 au zaidi, kwa mfano kwa ajili ya pumu au maradhi ya viungo;
• mwenye tezi ya thiroidi inayofanya kazi kupita kiasi, maradhi ya figo, au kisukari;
• anayevuta sigara au kunywa pombe nyingi;
• anayeishi na VVU.

Hoja ya mwisho yahitaji maelezo. Virusi vyenyewe hudhoofisha mifupa, na dawa ya tenofoviri, iliyomo katika kidonge kimoja cha kila siku kinachotumiwa na watu wengi Afrika Kusini, nayo hupunguza uzito wa mifupa kwa kiasi fulani, hasa katika miaka ya mwanzo ya matibabu. Hii si sababu ya kuacha dawa. Faida ya dawa hizo kwa uhai ni kubwa mno, na kuziacha ni hatari. Ni sababu ya kumwuliza muuguzi au daktari kuhusu mifupa mara hedhi inapokoma.

Wanawake waliotumia sindano ya kupanga uzazi ya kila miezi mitatu huuliza swali kama hilo. Sindano hiyo hupunguza uzito wa mifupa wakati inapotumiwa, lakini kwa kawaida mifupa hurudi baada ya kuiacha.

DALILI ZISIZOPASWA KUPUUZWA

Kwa kuwa hali hii haina maumivu, yafaa kuzingatia ishara ndogo. Ya kwanza ni kupungua kimo: mwanamke aliyepungua sentimita 4 au zaidi tangu ujanani huenda pingili zake za mgongo zimebonyea. Nguo ndefu iliyokuwa ikifika kwenye vifundo vya miguu sasa inaburura sakafuni. Ya pili ni mgongo wa juu kupinda. Ya tatu ni maumivu makali ya ghafla mgongoni baada ya kuinua ndoo au mfuko wa unga, au hata baada ya kukohoa. Maumivu ya namna hiyo mara nyingi hupakwa dawa ya kuchua na kusahauliwa, kumbe pingili imevunjika.

Mzee aliyeanguka akashindwa kusimama, au ambaye mguu wake umeonekana mfupi na kugeukia nje, huenda amevunjika nyonga. Asikandwe, asivutwe mguu, wala asipelekwe kwanza kwa mtu wa kuunga mifupa. Gari la wagonjwa la serikali huitwa kwa namba 10177. Kwa simu ya mkononi namba 112 nayo hufanya kazi. Nyonga iliyovunjika kwa kawaida huhitaji upasuaji, na kadiri upasuaji unavyofanyika mapema, hasa ndani ya siku mbili, ndivyo uwezekano wa kutembea tena unavyoongezeka. Mgonjwa anayelazwa kitandani nyumbani kwa wiki kadhaa hupata vidonda vya mgongo, nimonia na damu kuganda miguuni, na wengi hufa kwa hayo.

CHAKULA

Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji takriban miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Njia bora ya kuzipata ni chakula.

Bilauri moja ya maziwa, mililita 250, ina takriban miligramu 300. Maziwa ya mgando, yanayouzwa Afrika Kusini kwa jina la amasi, yana kiasi kinachokaribiana na hicho, nayo mara nyingi huvumilika zaidi kwa mtu ambaye maziwa mabichi humsumbua tumbo. Kijiko cha maziwa kinachotiwa katika chai si cha kutegemewa.

Dagaa wakavu, wanaoitwa ndagala na Wakongo wengi, ni hazina, mradi waliwe pamoja na mifupa yao. Kiganja kimoja cha dagaa wakavu huweza kutoa kalsiamu inayokaribia au kuzidi ile ya bilauri ya maziwa. Samaki wa kopo aina ya pilchadi, wanaopatikana katika kila duka la mtaani, nao wanafaa. Mifupa yao ni laini na isitolewe. Sukuma wiki, kabichi, maharage na ufuta huongeza kiasi. Mchicha una kalsiamu, lakini una pia kemikali inayoizuia isinyonywe vizuri. Ni mboga nzuri kwa mengine, isitegemewe peke yake kwa mifupa.

Siku moja ya mlo wa kutosha yaweza kuwa hivi: bilauri ya maziwa asubuhi, ugali na dagaa pamoja na sukuma wiki mchana, maharage jioni, na kikombe cha amasi kabla ya kulala. Misuli inahitaji protini, na misuli dhaifu huleta maanguko. Kwa hiyo mayai, maharage, samaki na kuku si anasa kwa mzee. Chumvi nyingi hufanya figo zitoe kalsiamu zaidi katika mkojo, hivyo ipunguzwe, pamoja na vile vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi.

VIDONGE VYA KALSIAMU

Vidonge ni vya kujazia pengo, si vya kuchukua nafasi ya chakula. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoa matokeo yake mwaka 2006, ukiwa na wanawake zaidi ya 36,000 waliokoma hedhi, uliwapa nusu yao kalsiamu na vitamini D. Haukuonyesha upungufu wa wazi wa kuvunjika kwa nyonga kwa kundi zima, na mawe kwenye figo yaliongezeka kidogo. Kwa hiyo haifai kumeza vidonge vingi kwa kudhani kwamba vingi zaidi ni bora zaidi.

Anayeshauriwa kuvitumia azingatie haya. Mwili haunyonyi vizuri zaidi ya miligramu 500 hadi 600 kwa mara moja, hivyo dozi igawanywe. Vidonge vya kalsiamu kaboneti vimezwe pamoja na chakula. Visimezwe wakati mmoja na vidonge vya madini ya chuma, dawa ya thiroidi, au baadhi ya antibiotiki, kwa sababu huzizuia zisifanye kazi.

Kwa anayetumia ARV zenye dolutegraviri, jambo hili ni la lazima kulijua: kalsiamu ikimezwa pamoja na dawa hiyo tumbo likiwa tupu, dawa hainyonywi vya kutosha. Ama vyote viwili vimezwe pamoja na chakula, ama dolutegraviri itangulie kwa saa 2, au icheleweshwe saa 6 baada ya kalsiamu.

JUA NA VITAMINI D

Vitamini D hutengenezwa na ngozi inapopigwa na jua. Johannesburg ina jua jingi, hata wakati wa kipupwe, lakini jua la nje halimsaidii anayeshinda ndani ya fleti. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi kuliko nyeupe kutengeneza kiasi kile kile, na mavazi yanayofunika mwili mzima hupunguza zaidi. Mwanamke anayejisitiri anaweza kukaa kwenye roshani au uani, mahali pa faragha, mikono na miguu ikiwa wazi, kwa muda mfupi mara kadhaa kwa wiki. Asiyeweza kufanya hivyo, na mzee asiyetoka nyumbani, aulize kliniki kuhusu vidonge vya vitamini D.

MWENDO NA KUZUIA MAANGUKO

Mfupa hujengwa pale unapobeba uzito. Kutembea kwa kasi nusu saa kwa siku nyingi za wiki, kupanda ngazi, na kusimama kutoka kwenye kiti mara 10 bila kushika mikono ni mazoezi yanayofaa. Kusimama kwa mguu mmoja karibu na meza, mkono ukiwa tayari kushika, huimarisha mizani ya mwili. Mwenye pingili zilizovunjika aepuke kuinama mbele akiwa na mzigo. Achuchumae kwa magoti, au mzigo ubebwe na mwingine.

Mfupa dhaifu ambao haujaanguka mara nyingi hauvunjiki. Kwa hiyo nyumba ikaguliwe: mikeka inayoteleza, nyaya zinazokatiza njia, sakafu yenye maji ya kuogea au ya udhu, ngazi zisizo na taa. Tochi iwe karibu na kitanda kwa usiku umeme unapokatika. Viatu vyenye kisigino kipana na kamba vinafaa kuliko kandambili. Macho yapimwe, kwa sababu mtoto wa jicho hutibika. Dawa za shinikizo la damu zinazoleta kizunguzungu zitajwe kwa muuguzi. Zisiachwe kimya kimya.

MATIBABU

Kipimo cha uzito wa mifupa huitwa DEXA. Ni picha ya mionzi michache sana, haina maumivu, na hufanyika katika hospitali kubwa. Tangu mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha -2.5 au chini ya hapo kuwa alama ya osteoporosisi. Pale ambapo mashine haipatikani haraka, daktari anaweza kutumia kikokotoo cha FRAX, kilichotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, ambacho kina hesabu maalumu ya Afrika Kusini. Mwanamke aliyekwisha kuvunjika nyonga au pingili kwa anguko dogo anaweza kuanza matibabu hata kabla ya kipimo.

Dawa inayotumiwa zaidi ni alendroneti, ambayo huwatuliza wabomoaji wa mfupa. Humezwa mara moja kwa wiki, tumbo likiwa tupu, kwa bilauri nzima ya maji matupu; kisha mgonjwa hukaa wima au kusimama kwa nusu saa bila kula wala kulala, ili dawa isiunguze koo. Wakati wa Ramadhani, anayefunga anaweza kuzungumza na muuguzi kuhusu kuimeza magharibi kwa maji peke yake, tende na uji vikingoja nusu saa. Kalsiamu nayo ihamishiwe kwenye mlo wa usiku na daku. Meno yenye matatizo yatibiwe kabla ya kuanza dawa hii, na matumizi yake yaangaliwe upya na daktari baada ya miaka michache.

Tiba ya homoni humrudisha yule msimamizi aliyeondoka. Hulinda mifupa na hupunguza joto la ghafla na jasho la usiku. Mwaka 2002, utafiti wa Marekani uliokuwa na wanawake zaidi ya 16,000 ulisimamishwa kabla ya wakati: kuvunjika kwa mifupa kulipungua, lakini saratani ya matiti, kiharusi na kuganda kwa damu viliongezeka. Tangu hapo madaktari huchagua kwa uangalifu. Tiba hiyo huwafaa zaidi wanawake walio chini ya miaka 60, au ambao hawajapita miaka 10 tangu hedhi kukoma. Haitolewi kwa aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda, wala kwa anayetokwa damu ukeni bila sababu kujulikana. Anayetokwa damu baada ya hedhi kukoma kwa mwaka mzima achunguzwe upesi, awe anatumia homoni au hapana.

KWENDA KLINIKI

Safari huanzia kliniki ya karibu. Muuguzi ndiye atoaye barua ya rufaa kwenda hospitali, kama vile Charlotte Maxeke huko Parktown, Helen Joseph huko Auckland Park, au Chris Hani Baragwanath huko Soweto. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 kinampa kila mtu haki ya kupata huduma za afya, na kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Haki hiyo haikuandikwa kwa ajili ya raia pekee. Mwenye hati ya ukimbizi au ya kuomba hifadhi aende nayo. Asiye na hati asikae nyumbani na mfupa uliovunjika.

Mama asiyejua Kiingereza wala lugha nyingine za hapa mara nyingi huongozana na mwanawe. Lakini si rahisi kwa mama kutaja mbele ya kijana wake wa kiume mwaka ambao hedhi ilikoma, au kwamba ovari ziliondolewa, au kwamba anatumia ARV. Maneno hayo yasiposemwa, muuguzi hapati anachohitaji. Yafaa kuongozana na binti, dada, wifi au jirani anayeaminika, au kuandika mambo haya kwenye karatasi na kumkabidhi muuguzi:

• umri wake, na umri aliokuwa nao hedhi ilipokoma;
• mfupa wowote uliovunjika baada ya miaka 50, na jinsi alivyoanguka;
• kama mama au baba yake alivunjika nyonga;
• kama amepungua kimo au mgongo umepinda;
• dawa zote anazotumia, zikiwemo ARV, prednisoni, sindano za uzazi na dawa za mitishamba;
• mara ngapi ameanguka katika mwaka uliopita.

Yule mama wa Berea hajachelewa. Plasta imeondolewa, lakini swali bado linaweza kuulizwa: mfupa huu ulivunjika kwa sababu gani, na mifupa mingine ina hali gani? Akiliuliza leo kliniki, kifundo cha mkono kitakuwa kimemwonya kwa wakati.